Nyasi Ulizoanika Juu ya Bati

Mama Akinyi,

Usitafute kalamu nyekundu. Miaka yote uliyofundisha Kiswahili hukuwahi kupokea barua yangu bila kuipigia mistari, lakini hii niache niimalize. Nina jambo baya la kukuambia, na nikikatizwa najijua, sitarudi kulisema.

Sungura wako wawili wamekufa. Amebaki Monita peke yake, na Jumamosi iliyopita naye aliacha kula.

Nianze na Hedimasta. Baada ya kukuzika watu walikaa hapa nyumbani siku kadhaa, na kila aliyepita karibu na kibanda cha sungura alimtupia kitu. Mkate, wali uliobaki, kabichi, hata mandazi. Walimwonea huruma kwamba mwenyewe ameondoka. Niliwaona na sikusema neno, maana siku zile mtu angeweza kung'oa mlango wa nyumba na kwenda nao, nisingemwuliza anaupeleka wapi. Siku ya tatu nikamkuta Hedimasta amejikunja kwenye kona, macho nusu. Nilimbonyeza tumbo kwa vidole gumba, vile ninavyobonyeza tairi kabla ya kumrudishia mtu baiskeli yake. Lilikuwa limejaa upepo na limekaza. Saa sita mchana haikumkuta.

Wifi yako Awino alikuwa amesimama nyuma yangu. Dada yangu unamjua, hana haraka ya kusema, ila akisema limetoka. Alisema, macho kwenye kaburi lako, "Anachukua vyake."

Nilimwambia aache upuuzi. Lakini usiku ule na siku zilizofuata neno lile halikutoka kichwani.

Wiki iliyofuata ikawa zamu ya Karani. Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, nami nikamkatia majani ya viazi vitamu yakiwa yamelowa chapachapa, kutoka shambani moja kwa moja hadi mdomoni. Ungenifokea. Wewe ulikuwa unayatandaza kwanza yanyauke, na hata hapo unampa kidogo tu. Karani akaanza kuharisha, manyoya ya nyuma yote yakashikana. Nikafungua kabati, nikatoa zile kapsuli zako za rangi mbili zilizobaki, nikapasua moja, nikakoroga kwa maji, nikamnywesha. Tena nilijiona mjanja. Kesho yake nikarudia. Siku ya tatu nilipomshika alikuwa baridi.

Jumamosi niliambiwa na daktari wa mifugo kwamba dawa za namna ile, sungura akizimeza, zinaua vijidudu vizuri vinavyomsaidia kusaga chakula tumboni. Ningemkimbiza kwa daktari siku ya kwanza ile ile, akaongezewa maji, pengine angekuwa hai. Mimi nilimpa dawa yako, kwa mkono wangu huu, kutoka kwenye kabati lako.

Baada ya Karani, Awino alimalizia lile neno lake. "Wa tatu akienda, atakuja kwa mwenye nyumba." Hakuniambia mimi, aliwaambia wanawake wa kanisa, lakini ukuta wetu unaujua. Tangu hapo majirani wakija wanatupa jicho kwenye kibanda kwanza, ndipo wananisalimia. Mzee mmoja alinishika mkono akauacha haraka. Akinyi naye alikuwa anapiga simu kutoka Nyamasaria kila jioni, "Baba, umekula?" Nami namjibu nimekula, na sahani iko hapo, imefunikwa.

Sasa nikuambie ukweli, maana kukudanganya wewe sijawahi kuweza. Sikuogopa. Nilisikia lile neno na moyo ukatulia. Nikasema haya, basi, wa tatu akienda tutajua.

Unakumbuka nilivyokuwa nakucheka? Kila asubuhi unavuta ile trei chini ya kibanda, umevaa miwani, unakagua kinyesi kimoja kimoja. "Mwalimu mzima anasahihisha mavi," nilikuwa nasema. Nawe hukuniangalia hata kidogo. "Hawana mdomo wa kunieleza. Hapa ndipo wanaponieleza." Ukanionyesha bila mimi kuomba: vikiwa vikubwa, vya mviringo, vimekauka, tumbo linafanya kazi. Vikipungua vikawa kama punje za pilipili manga, au vikifungana kwa nywele kama shanga, tumbo limeanza kuchoka. Na trei ikikaa nusu siku tupu, na mwenyewe hali, usingoje kesho. Nilidhani sisikilizi. Kumbe yote yaliingia.

Ijumaa nilikuta zile shanga. Jumamosi asubuhi trei ilikuwa tupu, na karoti niliyomwekea Monita iko vile vile, haina hata alama ya jino. Nilijua kabisa ninachokiona, Mama Akinyi. Nikairudisha trei mahali pake. Nikavuta kiti changu, nikaketi mbele ya kibanda, mikono kwenye magoti, nikangoja.

Niliketi hivyo mpaka jua likapanda. Yeye amejikunja ndani, mimi nimejikunja nje. Sikuwa na hasira naye wala nini. Nilikuwa nataka tu jambo liishe.

Ndipo nikasikia meno. Wewe ulinifundisha kwamba ukimsugua kichwa akayagonganisha kidogo kidogo, amefurahi. Lakini akijikunja akayasaga kwa nguvu, mpaka wewe uliyekaa pembeni unasikia, hapo ni maumivu. Yalikuwa yanasagika. Na wewe, wiki ile ya mwisho kule hospitalini, ulikuwa unageukia ukutani unasaga meno ukidhani nimelala kwenye kiti. Sikuwa nimelala. Nilisikia kila mara, na sikuwa na la kufanya.

Nilisimama. Nikampigia Akinyi, nikamwambia anitafutie daktari wa mifugo upesi, na sauti yangu ikamwogopesha mtoto wa watu. Alasiri akafika binti mmoja kwa bodaboda kutoka Kombewa, buti zimejaa tope. Alimpapasa Monita tumbo pande zote kwa utaratibu. Akasema halijaziba, limelala. Angelikuta limekaza kama lile la Hedimasta asingethubutu kumlisha. Akamdunga sindano ya maumivu, akamwongezea maji chini ya ngozi, akanionyesha jinsi ya kulainisha chakula mpaka kiwe uji na kumtilia kwa bomba la sindano lisilo na ncha, pembeni ya mdomo, kidogo kidogo, nimngoje ameze. Nimsugue tumbo polepole. Nimweke penye joto. Nisimwache akae tu, atembee.

Kisha akatazama ndani ya kibanda, akauliza, "Mzee, nyasi kavu ziko wapi?"

Hapo nilikosa pa kuweka uso.

Zile ulizoanika juu ya bati la jikoni, Mama Akinyi. Ulizigeuza kwa fimbo kila siku ya jua, hata ulipokuwa huwezi tena kupanda ngazi ya jikoni, ukiniagiza mimi nami nanung'unika. Magunia yote yalipangwa ghalani, karibu yaguse paa. Siku ya mazishi mvua ilinyesha tangu alfajiri, chini ya hema kukawa tope tupu, wazee wanateleza, mchungaji ameshika nguzo. Vijana wakaniuliza wafanye nini. Nikawaambia, "Mwageni yale magunia." Mimi nilisema. Watu wakakanyaga chakula cha sungura wako wakienda kukuzika. Na kuanzia siku ile sungura wakabaki na kabichi na mkate na majani mabichi. Daktari alisema tumbo la sungura linasukumwa na nyasi kavu, zisipokuwapo linasimama. Wewe ulikuwa umelisema hilo zamani.

Nilimweleza daktari mbele ya Awino. Awino alinitazama, akainuka, akatoka. Nilifikiri amekwenda kuwapa watu habari. Alirudi na gunia kichwani. Siku ya mazishi alikuwa amelibeba kwa ajili ya ndama wake, akanyamaza. Alilitua mbele ya kibanda akasema, "Hizi ni zake." Nilipolifungua, harufu ilikuwa ile ile ya jikoni kwako wakati wa kiangazi. Nikalazimika kwenda kusimama nyuma ya nyumba kidogo.

Tumemlisha zamu, mimi na Awino. Jumapili hakwenda kanisani, na unajua hilo kwake ni kubwa kiasi gani. Mchana Monita alivuta unyasi mmoja, akautafuna nusu, akauacha. Jumatatu asubuhi nilivuta trei. Nilivaa miwani yako, yangu siioni. Kulikuwa na vinyesi vinne, vidogo, vimepinda, viwili vimefungwa kwa nywele. Nikavitia kiganjani nikampelekea Awino.

"Basi mwenyewe hajamtaka bado," alisema. Kisha akapasha ugali na omena, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza.

Sitaki kukudanganya kwamba yamekwisha. Daktari amesema tumbo lililolala mara moja linaweza kulala tena. Leo amekula kidogo kuliko jana. Nikipita karibu na kibanda bado natega sikio kwa yale meno. Majirani bado wanatazama huko kwanza, na Awino hajalifuta neno lake, amelisogeza mbele tu. Kama ni wewe unayekuja kuchukua vyako, sijui. Wewe ndiye unayejua.

Lakini gunia hili moja halifiki mbali. Jumatatu hiyo hiyo niliingia shambani na panga, nikakata nyasi kando ya mfereji, nikazipandisha juu ya bati la jikoni kwa magoti haya unayoyajua. Mkate na kabichi havitaingia tena kwenye kile kibanda. Kapsuli zako nimezifukia. Trei nitaivuta kila asubuhi, na acha wanicheke.

Mawingu yamejipanga upande wa ziwa tangu saa nane, meusi, na naandika huku nikiyatazama. Nyasi zinataka siku nne za jua na mtu wa kuzigeuza, na mvua ikija anatakiwa mtu wa kuzishusha haraka. Hakuna mwingine hapa, Mama Akinyi. Kwa hiyo lala, binti wa Uyoma. Nitakuja, hilo halina ubishi, ila usije kunichukua kabla hazijakauka. Na zikikauka, nitakata nyingine.

Mimi wako,
Baba Akinyi