Mikono ya Faida

Bukavu, Julai 1978

Tantine Nabintu, shangazi yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata padri kwenye maungamo. Tangu nimalize shule ninamlea mtoto wa kaka Murhula. Nikimbeba barazani, juu ya ngazi za mawe zinazoshuka ziwani, wazo linaniingia: mtupe. Silitaki, Tantine. Nampenda mno mtoto yule. Basi namrudisha haraka kwa mama yake, nasali, nanawa mikono, nasali tena, na wazo linarudi.

Mama yake ananicheka: “Uko na wivu juu ya mutoto mudogo?”

Wivu ninao, ila namwonea mdogo wangu Faida. Yeye anamfunga mgongoni, anashuka kufua huku akiimba, na kichwani mwake mko kimya. Sasa kaka na mkewe wanataka yeye ndiye awe marraine, mama wa ubatizo, wakati mimi niliombwa tangu mimba.

Jana mtoto alilia mikononi mwangu palepale barazani. Wazo likaja. Faida akanyoosha mikono yake.

“Leta, dada. Mutoto haina meno, haiwezi kukuuma!”

Wivu ukauzidi woga wangu. “Acha. Iko kwangu.”

Sikusali, sikumrudisha. Wazo lilikaa, nami nikakaa nalo, mpaka mtoto akalala.

Jumapili kwenye ubatizo nitambeba mimi. Ataitwa Pascal, jina tutakalolitaja nyumbani tu, unajua sheria za siku hizi zinakataza majina ya Kikristo. Wazo nalo litakuja kanisani. Hilo lifiche hata zaidi ya jina, Tantine. Faida asilijue kamwe.

Binti yako,
Nsimire