Nimeiona Faida Mliyobakiza

Baba Robhi,

Nimeamka na kinyaa. Si huzuni. Huzuni naijua, ninaishi nayo tangu tulipokuzika pale nyuma ya zizi. Hiki ni kinyaa hasa, kama cha mtu aliyekuta nzi kwenye uji akiwa ameshakunywa nusu kikombe. Watoto nimewaambia naumwa tumbo. Nakuandikia wewe kwa sababu walio hai wote wananiambia nimezidi, na wewe angalau huwezi kunikatiza.

Kwanza habari za nyumbani. Robhi amejifungua mtoto wa kiume, wamempa jina lako, na analia kwa sauti nzito kama yako. Mahindi ya shamba la chini yamekauka, ya juu yamepona. Yule ng'ombe mwekundu uliyekuwa ukimtukana amezaa jike. Mdogo wako Nyamhanga hanisalimii, na hapo ndipo habari yenyewe inapoanzia.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka mkutano wa mwaka wa kampuni yenu. Mlikuwa wachimbaji wadogo wachache wa dhahabu, mkaungana, mkapata leseni kule Kerende, mkamweka Matiko mwenyekiti kwa kuwa alisoma kuliko ninyi, tena wewe na yeye mlitahiriwa msimu mmoja. Ulirudi umeshiba nyama, unaniambia, "Mama Robhi, mwaka huu tumepata faida." Nikikuuliza iko wapi, unajibu, "Tumeibakiza. Matiko anasema tukigawana yote tutabaki wachimbaji tu, tukiibakiza tutakuwa kampuni." Mimi nilitaka mabati. Mvua ilipotuvujia ulihamisha kitanda huku unacheka, unasema hela ikiachwa kwenye kampuni inazaa. Nilikuwa nakuchukia, mume wangu. Kwa dakika chache tu, halafu unaniita jina langu la usichana, basi hasira zinakwisha.

Msiba haujapoa, Matiko akaja. Kilo mbili za sukari mkononi, manukato mpaka mbuzi wakapiga chafya. Akakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa. Nikamchinjia kuku. Akala, akafuta mafuta ya vidole kwenye kitambaa cha kochi, kile alichodarizi Robhi, ndipo akafungua mdomo.

"Shemeji, nakuonea huruma. Kuna mwekezaji anataka kununua kampuni, lakini kampuni yenyewe haina kitu. Mwita aliacha hisa, ndiyo, lakini ni hisa za nini? Mimi nitazinunua kwa hela yangu ya mfukoni, usomeshe watoto."

Nyamhanga alikuwa pale, anaitikia kwa kichwa kama mjusi. "Saini, shemeji. Nani mwingine atakupa hela?"

Nikamuuliza Matiko, "Na ile faida mliyokuwa mnaibakiza miaka yote?"

Akacheka. "Hiyo ni lugha ya wahasibu. Ni maandishi tu, shemeji."

Nilikuwa nimeshashika kalamu, maana ukoo na mahakama walinipa mimi usimamizi wa mirathi yako. Ndipo akasema, "Na yale mabuti ya Mwita, kama hayana mwenyewe, nitayachukua." Mabuti yako bado yalikuwa na udongo. Nikaweka kalamu chini. Nikasema nitafikiri. Nyamhanga akanifokea mbele ya mgeni.

Wiki hiyohiyo mwekezaji akamtuma mtu wa kukagua kampuni aseme ina thamani gani. Ni binti wa watu kutoka Geita, anaitwa Neema, mhasibu. Alikuwa anazungukia wenye hisa, na bodaboda ikamleta mpaka hapa kwetu. Nikamwuliza bila kuzunguka: hiyo faida ni kitu au ni maandishi?

Akaniambia, "Mama, ni faida yote ambayo kampuni imepata tangu ianze, ukitoa hasara, ukitoa na mliyogawana. Inaitwa malimbikizo ya faida. Lakini si hela iliyolala kwenye sanduku. Ilishatumika, ikageuka vitu. Kampuni inaweza kuwa na malimbikizo makubwa na benki hamna hata ya dizeli. Kazi yangu ni kuuliza imegeuka kuwa nini."

Na akasema jambo lililonikalisha chini. Matiko kwa mwekezaji anajisifu kwa tarakimu ileile, anasema kampuni imelimbikiza faida nyingi, bei ipande. Kwangu ni maandishi, kwa mnunuzi ni utajiri. Mdomo mmoja, Baba Robhi. Mdomo uliokula kuku wangu.

Nikamwomba twende wote Kerende. Sijawahi kufika kule ukiwa hai. Ulisema si mahali pa mke wa mtu. Nimefika. Nimeliona karasha linasaga mawe, nimeliona kwa macho yangu. Pampu inatoa maji kwenye duara, lile shimo mlilokuwa mkishuka kuchimba, na magogo ya kushikilia kuta yamepangwa vizuri, kijana wa pale akaniambia uliyapanga wewe. Neema akawa anagusa kila kitu, anasema, "Faida yenu hii hapa. Na hii hapa." Kwenye lundo la mawe akasita. "Hili mmeliandika kama dhahabu. Mpaka lipimwe, kwangu ni mawe." Nililia kidogo, kwa sababu ulikuwa mkweli. Ilibaki kweli. Ile pampu ndiyo mabati yangu, nikaona si haba.

"Na iliyosalia?" nikauliza.

"Iliyosalia ni mkopo kwa mwenyekiti."

Ile gesti ya vioo ya Matiko pale Nyamongo, ile uliyoipita ukasema rafiki yako amejaliwa, aliijenga kwa mkopo huo, ni faida yenu. Nikamwuliza Neema waliificha wapi habari hiyo. Akanitazama kwa huruma. "Haikufichwa, mama. Husomwa kila mwaka kwenye mkutano."

Hapo ndipo kinyaa kiliponipanda. Alikuwa anawasomea! Pampu, dizeli, mkopo kwa mwenyekiti, matairi, kisha nyama inaletwa na ninyi mnapiga makofi. Na hisa zako alizitaka kwa sababu akizipata anakuwa na zaidi ya nusu, anajisamehe deni kwa kura yake mwenyewe kabla mwekezaji hajalipa shilingi.

Mkutano wa wenye hisa ulifanyika Matongo. Nilivaa gauni la kanisani. Nikawaamkia wazee, nikakaa, na ilipofika zamu ya wenye hisa nikasimama. Nikashika kiti cha mbele. Nikasema, "Mwenyekiti, faida mliyobakiza na mume wangu nimeiona Kerende. Nyingine ina vioo na vitanda pale Nyamongo. Hiyo irudi kwanza, ndipo tuzungumze bei."

Mzee mmoja akasema mwanamke wa marehemu hana sauti pale. Marwa, yule mwenzako mfupi mliyekuwa mnashuka naye duarani, akainuka polepole. "Basi nitasema mimi. Maneno yake hayohayo, kama alivyoyasema." Akayarudia yote, neno kwa neno.

Matiko akalia. Mwanaume mzima na tai yake. Akasema, "Mwita angekuwepo angenielewa."

Na mimi nikajua ni kweli. Ungemwelewa. Ungesema ni mwenzangu, tulivuja damu siku moja, atalipa tu. Nimemkasirikia Matiko, lakini hilo ndilo lililonichoma, kwamba alikujua vizuri hivyo.

Deni limekubaliwa kukatwa kwenye hisa zake, na gesti imewekwa dhamana. Amesaini mbele ya wote. Mwekezaji amenunua za waliotaka kuuza. Za kwetu sijauza. Na baada ya kusaini, unajua walifanya nini? Wakaleta mbuzi wa kuchoma. Wakamkatia Matiko figo, wakamgonga mgongoni, wanacheka naye, mwenyekiti ni mtu wa watu. Waliibiwa miaka yote na bado wanamsogezea chumvi! Marwa alikuwa miongoni mwao. Nilitoka nje, nikatapika ukutani.

Nyamhanga anasema nimeaibisha ukoo. Sawa.

Nakuaga sasa, mjukuu wako ameamka. Mwakani wakisoma hesabu nitakuwepo, na wakisema faida ibaki, nitakubali, maana sasa najua kazi yake. Lakini kila shilingi watakayobakiza nitakwenda kuigusa kwa mkono huu, na watoto wetu nitawafundisha hivyo. Hilo nakuahidi. Kukusamehe bado, mume wangu. Sijafika. Siku nikifika sitakuandikia barua. Nitakuja nyuma ya zizi, nitakaa chini, nikuambie kwa mdomo.

Mama Robhi