Umuambie Tulipanda Treni

Mwene-Ditu, tarehe 9 mwezi wa tano 1993

Kwako yaya Ernestine, jirani niliyemufanya dada mukubwa,

Jambo sana. Uko muzima? Na batoto, na bwana yako tata Kalumba? Mi na binti yangu Mado tulifika huku Kasai. Mwili ni muzima, roho hapana.

Yaya, kile ulisikia ni kweli. Bakatanga balipotufukuza Kapata juu ya kuwa bantu ya Kasai, tulilala pa gare, kituo ya treni ya Kolwezi, wiki mingi. Pale kuhara kukamukamata bwana yangu Tshimanga, akafa. Tulimuzika asubui, midi, saa sita ya muchana, treni ikaita. Mpaka leo ninamupakulia Tshimanga bukari, ugali yake. Mado anaitoa mbele yangu. Bantu banasema, "Lia, mama." Machozi haiko.

Ninaomba kitu kimoja: uende ku kaburi, umuambie tulipanda. Alikufa akiuliza kama treni imefika.

Mudogo yako,
Kanku

Kapata, tarehe 20 mwezi wa saba 1993

Mudogo yangu Kanku,

Salamu nyingi kwako na kwa Mado. Sisi tuko, ila kazi ku mine ya shaba imesimama, Kalumba anashinda pa kiti.

Nilienda. Mwanamuke moja alinikuta ninangoa majani, akauliza, "Wewe, unalimia Mukasai kaburi?" Nikamujibu, "Huyu alikuwa jirani. Alibeba mama yangu ku hospitali mu mugongo." Akapita. Nikainama, nikasema: "Tata Tshimanga, Kanku na Mado balipanda. Balifika." Sijui kama alisikia. Mi nilisikia, nikalia kwa ajili yetu babili.

Usijifungie mu nyumba. Uniandikie.

Yaya yako,
Ernestine

Kapata, tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili 1993

Kanku, uko muzima? Ni barua ya tatu bila jibu. Mustari moja tu. Hata Mado aandike.

Yaya yako

Mwene-Ditu, tarehe 15 mwezi wa tatu 1994

Yaya yangu mupenzi,

Jambo kwa bote. Unisamehe kimya. Niliposoma habari ya kaburi, nililia mpaka sauti ikakauka. Kisha nikalala, sikutaka tena kuamuka. Nilitaka kumufuata Tshimanga. Ninakuambia wewe peke yako. Mado alikuwa ananiogesha kama mutoto.

Treni ingali inaleta bantu. Siku moja mama moja ya Likasi alishuka, mutoto amemufia mu njia, hataki kumuachilia. Bote balishindwa. Mado akaja kunivuta mukono: "Mama, wewe unajua." Nilikaa naye chini, nikamuelezea Tshimanga, ukali yake, matani yake. Ilikuwa mara ya kwanza kutaja jina yake kwa mutu. Jioni akanipa mutoto, tukamuzika.

Sasa treni ikifika niko pale na maji. Siku zingine bado ninabaki mu kitanda. Zingine hapana.

Jana ku soko, Tshiluba, luga ya huku, ikanikwama, nikaomba mihogo kwa Swahili. Muuzaji akapiga kelele: "Nyinyi Bakatanga, rudini kwenu!"

Yaya, nilicheka. Nilicheka sana mpaka Mado, aliyekuwa ananitangulia, akageuka kuangalia ni nani anacheka hivi.

Mudogo yako,
Kanku