Kiti cha Mama Ndani ya Trela

Chumbageni, Tanga
4 Mei 2025

Mdogo wangu Tahiri,

Asalaam aleikum. Habari za Maskati na joto lake? Mkeo Hafsa hajambo, kifua kimetulia? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila magoti ya Mama ndiyo yaleyale.

Kazi uliyonituma nimeifanya. Jana nilikwenda Pongwe kwa yule Castory anayeuza matrela ya kulala, zile nyumba za kukokotwa na gari, nikuchagulie la kuzungukia likizo ya Julai. Nilipanda bajaji na kiti cha Mama cha kusalia mapajani. Kusikia ni cha kusalia, Castory akanicheka: "Dada, hili trela, siyo msikiti!" Nikamwambia mama yetu hawezi tena kusujudu chini, nataka nione kiti kitakaa wapi. "Na kibla je, trela likikata kona?" Nikamjibu, wewe nifungulie mlango.

Anayo mawili. Jipya, la paa la kukunjua, lina kitanda kimoja cha watu wawili. Kipandio chake kiko juu, shubiri mbili na nusu kutoka chini. Nilipokalia kiti nikainama, paji la uso likagonga friji. La zamani limebabuka rangi, lakini kipandio ni shubiri moja, vitanda vinne, na nilisali rakaa mbili humo kwa raha zangu. Chukua hilo.

Tangu umwahidi Mama kumpeleka Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, akamsomee bibi yetu Yasini kaburini, amefunga mzigo wake. Akifika lazima alale ndipo arudi, na huko hatuna tena mtu wa kutupokea. Unajua hofu yake: bahari inakula ufukwe ule, imekaribia makaburi.

Dada yako,
Sabra


Maskati
12 Mei 2025

Dada Sabra, shikamoo.

Hatujambo, kifua cha Hafsa kimepoa. Mama mpe shikamoo yangu.

Ahsante kwa kuhangaika. Nimempigia Castory, nimechukua lile jipya. Usinune. La zamani Hafsa kaliona kwenye picha, kasema linafanana na kibanda cha kukatia tiketi. Nawe, dada yangu, trela unalipima kwa kiti cha kusalia! Wenzio wanaangalia matairi na breki. Lile zee lingetuharibikia njiani. Kipandio nitaweka tofali. Mama atalala na Hafsa, mimi nitatandika mkeka nje. Ahadi yangu ipo palepale, mwambie.

Mdogo wako,
Tahiri


Chumbageni, Tanga
3 Agosti 2025

Ndugu yangu Tahiri,

Asalaam aleikum. Natumai mmefika salama, na vumbi la huku halikumsumbua Hafsa. Mimi mzima. Mama anakula kidogo.

Wiki mbili nimenyamaza, nikimwomba Mungu aniondolee uchungu. Haujatoka, basi nauandika.

Siku mlipoegesha mlangoni kwetu, Mama alikuwa kavaa tangu alfajiri. Tofali uliweka, kweli. Akapanda, goti likakataa. Akajaribu tena. Hafsa akasema, "Mama atateseka, barabara yenyewe ya kurukaruka." Nawe ukatazama saa. "Tukaione njia kwanza," ukasema, "Jumatatu tunamrudia." Mama ndiye aliyekujibu: "Nendeni wanangu, msije mkaikosa pantoni."

Jumatatu alivaa. Jumanne akavaa. Alhamisi ukapiga simu kutoka uwanja wa ndege, Dar, mnarudi Maskati. Mama aliponyoosha mkono aipokee, nikamwambia mtandao umekata. Mungu anisamehe uongo ule, nilishindwa kumpa sauti yako.

Kisha Hafsa akatuma picha kwenye kundi la familia. Pichani trela lenu liko Bweni, mmekaa kivulini mnakunywa madafu. Mama akasema, "Ikuze." Nikaikuza. "Bado." Nikaikuza mpaka nyuso zenu zikawa madoa ya rangi. Hakuwa anawatazama ninyi. Alikuwa akitafuta zile nguzo mbili za mawe za kaburi la mama yake. Trela limeziba.

Tangu siku ile hajaufungua mzigo wake, wala mimi sina moyo wa kumfungulia.

Maneno ya msamaha yaache kwanza. Nataka jibu la jambo moja, maana ananiuliza kila akimaliza kusali: pale nyuma ya trela, kaburi bado lipo? Nijibu upesi.

Dada yako,
Sabra