Namba Iliyotokea Kwenye Kioo

Isongole, Jumatatu

Mdogo wangu Asukile,

Ugonile. Huku mvua haijakata, viazi vimestawi, na magoti ya Mama yamepoa kidogo.

Jumamosi ulipopiga ulisema huko Sauzi baridi ni kali. Ulipokata nikaitazama namba: ni ya hapa hapa Tanzania, na wewe ulishasema laini ya nyumbani uliitupa, unatumia ya huko. Jioni nikaipiga. Akapokea mama mmoja mpole, akasema simu ni yake na Asukile yuko sokoni Uyole, hapo Mbeya, anashusha viazi.

Mama sijamwambia. Kila Jumapili bado anasimama kanisani uombewe huko ugenini. Wala sitakuuliza mpakani kulitokea nini. Kushusha viazi si aibu. Huenda vingine ni vya shambani kwetu, nilivyochimba mimi.

Barua hii nampa kondakta wa Coaster ya Mbeya aifikishe kwa yule mama, pamoja na ndizi. Nimechagua zilizoiva kabisa. Za kwenda Sauzi ningekufungia mbichi.

Dada yako,
Atupakisye