Chupa Niliyoiagiza Kinyume

Madam Syokau,

Nianze na mazishi yako, maana najua ungetaka kujua yalikwendaje, na sidhani kuna mwingine atakayekuambia ukweli. Yalifana. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye matuta ya shamba la jirani. Niliombwa niseme machache kwa niaba ya maabara. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima, nikausahau mezani kazini, kwa hiyo nikasimama nikasema lililokuja kwanza mdomoni: kwamba Machakos nzima hakuna aliyejua kuosha sahani kama wewe.

Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kumbe alikuwa na hoteli?"

Mumeo, Mzee Musyoki, alikuwa hajainua uso tangu asubuhi. Alicheka mpaka akashika goti. Nilipaswa kueleza kwamba sahani zetu ni vibao vya plastiki vyenye vishimo tisini na sita, na kwamba huwa tunavipimia damu ya mifugo. Sikueleza. Niliona heri wabaki na hoteli yako.

Miezi minane sasa. Kilonzo bado anaimba anapotia dawa kwenye vishimo, na bado anaimba vibaya. Kiti chako hakuna aliyekikalia mpaka fundi wa umeme alipokuja, akakipanda na viatu vyake kubadilisha taa. Tangu siku hiyo kila mtu anakikalia. Mzee Musyoki amejifunza kupika chapati. Zinatoka na pembe, lakini zinalika, na akituletea huwa anasimama mlangoni kuhakikisha tumezimaliza.

Sasa lile lililonifanya nikuandikie. Nilifanya kosa, Madam. Na si kosa lolote tu, ni lile lile ulilonionya wiki ya kwanza.

Unakumbuka nilipokuja kwako nikiwa na cheti kipya na mdomo mrefu? Uliniwekea chupa mbili ndogo za kingamwili mezani, moja imeandikwa sungura dhidi ya mbuzi, nyingine mbuzi dhidi ya sungura, ukaniuliza tofauti. Nikasema ni kitu kimoja. Hukunicheka. Ulisema, "Mwende, mwiitu wakwa, binti yangu, jina la kwanza ni mnyama aliyeitengeneza. La pili ni mnyama anayetafutwa. Ukigeuza hayo majina umemtuma mtu nyumba isiyo yake."

Halafu ukanieleza kazi yote kama mtu anayeeleza jinsi ya kufika kwao. Kishimo kimepakwa vipande vya kijidudu. Tunatia maji ya damu ya mbuzi. Kama mbuzi aliwahi kupigana na kijidudu hicho, kingamwili zake, askari wa damu yake, zitang'ang'ania pale chini, hata tukiosha mara tano. Lakini hazionekani. Kwa hiyo tunaleta kingamwili ya pili, iliyotengenezwa na mnyama mwingine ili imshike mbuzi, nayo imebebeshwa kimeng'enya mgongoni. Tukitia maji ya rangi, kimeng'enya kinayageuza kuwa bluu. Bluu ikitokea, mbuzi huyo ameshakutana na ugonjwa. Niliyaandika haya yote kwenye daftari, nikayapigia mstari mara mbili.

Mwezi wa tatu baada ya wewe kuondoka, chupa yetu ya sungura dhidi ya mbuzi ilituishia. Nikajaza fomu ya kuagiza. Siku hiyo simu ilikuwa inalia, Kilonzo anaimba, na mimi nilikuwa nimezoea wewe ndiye uangalie kabla ya kutia sahihi. Chupa ikaja baada ya wiki kadhaa ndani ya barafu. Nikaitia kwenye friji pale pale mahali pa ile ya zamani, nikaridhika.

Kisha kikaja kikundi cha akina mama wa Mwala. Mbuzi wao walikuwa wanatoa mimba, watatu ndani ya msimu mmoja, na afisa wa mifugo alihofia ugonjwa wa brusela. Akatuletea damu ya mbuzi thelathini na wanne. Mwenyekiti wao anaitwa Mama Wayua, mama mwembamba, sauti nzito. Alinipigia simu mara mbili siku hiyo hiyo. Walikuwa na soko asubuhi ya kesho yake, na walitaka kujua kama mbuzi wanaweza kwenda.

Nilipima Alhamisi. Mashine ikasoma sahani, ikatoa orodha. Wote thelathini na wanne, hakuna hata mmoja mwenye ugonjwa. Nilifurahi kana kwamba mbuzi ni wangu. Nikampigia Mama Wayua saa nane mchana nikamwambia, "Ziko salama, Mama." Akapiga kigelegele, na nyuma yake nikasikia wengine wakimpokea.

Nikarudi kutupa ile sahani. Na ndipo nilipoiona, Madam. Ilikuwa nyeupe kama maji ya kisima. Yote. Hata safu ya kwanza. Safu ya kwanza ndipo tunapotia damu ya yule mbuzi tunayemjua ni mgonjwa, ile uliyoihifadhi mwenyewe kwenye friza ikiwa na mwandiko wako, ili tujue kama kipimo kimefanya kazi. Nilikuwa nimesoma orodha ya mbuzi wa watu nikairuka safu yangu mwenyewe.

Nikafungua friji. Nikageuza chupa. Mbuzi dhidi ya sungura.

Ilikuwa imefanya kazi yake vizuri kabisa, maskini. Ilipita kishimo kwa kishimo ikimtafuta sungura, na Mwala nzima hakuna sungura aliyetolewa damu.

Nilikaa kwenye kiti chako. Nilitaka kulia, halafu nikakusikia kabisa ukisema, "Utalia baadaye. Nani ameshaambiwa?" Nikapiga simu ya Mama Wayua. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Kilonzo alichukua helmeti mbili akawasha pikipiki yake.

Tulifika jua likiwa bado juu. Mbuzi walikuwa uwanjani kwa Mama Wayua, kumi na mmoja wameshapakwa rangi nyekundu kichwani, alama ya wale wa kuuzwa. Akina mama waliponiona na koti langu jeupe wakaanza kunishangilia. Wakaniletea kikombe cha maziwa, Madam. Maziwa mabichi ya mbuzi, bado yana povu. Nilikiweka kile kikombe chini.

Nikasema, "Msiuze. Na haya maziwa msinywe kabla hayajachemka. Niliwaambia vibaya. Sijui kama mbuzi wenu ni wazima. Nimekosea mimi, si mashine."

Kisha mzee mmoja, Mzee Muia, aliyekuwa amekuja kusaidia kuwafunga mbuzi, akasema, "Saa nane hii mbuzi iko sawa, saa kumi haijulikani. Hiyo maabara yenu inapiga ramli?"

Nikaanza tu kueleza, kwa kuwa kueleza ndiko ninakokujua. Niliwaeleza ubaya wa brusela: kwamba haiishii kwa mbuzi, mtu huipata kwa maziwa mabichi au kwa kuzalisha mbuzi mikono mitupu. Nikawaeleza inavyomshika mtu. Homa ya kuja na kuondoka, jasho la kulowesha shuka, viungo na mgongo kuuma, uchovu usioisha, na unaambiwa ni malaria, unameza dawa, inarudi.

Nikaona wanageuka mmoja mmoja. Wote wakawa wanamtazama Mama Wayua.

"Mnaniangalia nini?" akasema. Halafu akakaa kwenye kigoda. "Mimi niko na hiyo tangu mvua ya kwanza. Nimetibiwa malaria mara nne na taifodi mara mbili. Nilidhani ni uzee umefika mapema."

Mzee Muia akaanza tena na maneno yake, Mama Wayua akamkata. "Muache. Mtu akikosea akaja mwenyewe mpaka kwako kukuambia, huyo unamsikiliza. Fungueni hizo mbuzi." Nikamwambia aende hospitali, aombe damu yake ipimwe brusela, akataja siku papo hapo mbele ya wenzake ili wamsukume.

Bado sikuwa na chupa sahihi. Kuagiza nyingine kungechukua wiki. Mueni, tuliyesoma naye chuo, siku hizi yuko kwenye maabara ya kiwanda kimoja cha nyama Athi River. Nikampigia nikamweleza bila kuficha. Akacheka kwanza, Mueni ni Mueni, kisha akasema, "Niko na ya punda dhidi ya mbuzi. Kuja na kisanduku cha barafu." Kilonzo alipata raha ya wiki nzima. Alisema Mwala punda amekuwa akivuta mkokoteni wa maji ya mbuzi miaka yote, sasa ndiyo amepewa haki ya kumkamata mbuzi.

Usifikiri niliimwaga tu kwenye sahani. Niliipunguza kwa maji ya chumvi kwa viwango vitano, kama ulivyonifundisha, nikajaribu kila kiwango kwa yule mbuzi mgonjwa wako na kwa mbuzi mmoja tunayemjua ni mzima. Na vishimo viwili visivyo na damu yoyote. Nikatia rangi, nikangoja.

Sahani nzima ikawa bluu! Mgonjwa bluu, mzima bluu, vishimo vitupu bluu kama sare za shule. Kilonzo akaacha kuimba.

Safari hii sikukimbilia simu. Nilijiuliza, kwenye kishimo kisicho na damu kuna nini ambacho punda wa Mueni anakishika? Kuna vipande vya kijidudu. Na kuna maziwa ya unga, yale tunayopaka kuziba nafasi zilizobaki ili kitu kisigande ovyo. Maziwa ya ng'ombe. Hapo nikakumbuka siku ulipogombana na mwakilishi wa mauzo pale mlangoni, ukimwambia, "Ng'ombe na mbuzi ni binamu. Kingamwili isiyochujwa vizuri haiwatofautishi. Mimi nataka iliyochujwa." Yeye anasema zote ni sawa, wewe unasema, "Basi kanywe zote." Chupa yetu ya zamani ilikuwa imechujwa isishike ya ng'ombe, ndiyo maana miaka yote maziwa hayakutusumbua na mimi sikuwahi kujiuliza. Hii ya Mueni haikuchujwa. Ilikuwa inashika maziwa yetu.

Kabatini kwako, rafu ya chini, kulikuwa na jelatini ya samaki. Sijui uliinunua kwa ajili ya nini. Nikaziba nayo badala ya maziwa, kwa kuwa samaki si binamu wa mbuzi hata kidogo. Vishimo vitupu vikatulia. Mbuzi mzima akatulia. Mgonjwa akawa bluu, na kiwango cha tatu ndicho kilichowatenganisha vizuri zaidi. Nikapiga ngumi hewani peke yangu kama mchezaji aliyefunga bao.

Kisha ndipo nikawapima wa Mwala. Kwanza nikasoma safu yangu. Halafu vitupu. Halafu mbuzi wa watu. Sita walikuwa na rangi, Madam. Sita, na wanne kati yao walikuwa wamepakwa ile rangi nyekundu ya sokoni.

Sikuwapigia. Nilikwenda. Daktari wa mifugo alisimamia kuondolewa kwa wale sita, na haikuwa rahisi. Mmoja alikuwa mbuzi wa binti mmoja pale, aliyemlea kwa chupa. Waliobaki tumewapima tena baada ya miezi miwili na wako wazima. Wanachemsha maziwa sasa, na Mzee Muia ndiye mkali kuliko wote juu ya jambo hilo. Ukimtembelea anakuonyesha sufuria.

Na Mama Wayua, damu yake ilikuwa nayo kweli. Ametumia dawa wiki sita bila kuruka. Wiki iliyopita amekuja ofisini kwa miguu yake kutoka stendi, amebeba kuku, anasema mgongo umeacha kumuuma na amerudi kwenye kwaya. "Ni muvea," akanishukuru, kisha akashika mkono wangu na kuuliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza siri ya familia, "Na siku hizi ile safu yako ya kwanza inageuka?" Nikamwambia inageuka. "Nesa, vizuri," akasema. Sasa kila kikundi anachokifahamu kikileta damu kinauliza swali hilo kabla ya kuuliza majibu. Maafisa wa mifugo wanatushangaa.

Nimeandika kosa lile kwenye daftari la maabara, kwa jina langu, ukurasa mzima. Kilonzo alisema ningeweza kuandika kwamba chupa ilikuwa na hitilafu. Chupa haikuwa na hitilafu. Na fomu ya kuagiza sasa inasomwa na watu wawili kwa sauti: nani ametengeneza, nani anatafutwa, imechujwa dhidi ya nani, imebeba nini mgongoni. Tunasikika kama watu wanaosali.

Kuna kitu kinanikera, nitakuambia. Siku ile sahani ilipotoka sawa niligeuka kukuonyesha. Niligeuka kabisa, na mkono nimeuinua. Nilisimama hivyo kidogo. Kilonzo alikuja akaitazama badala yako, akasema ni nzuri, na ilikuwa nzuri, lakini...

Basi.

Jumatatu wanakuja wataalamu tisa kutoka maabara nyingine, kwa somo la kuchagua kingamwili ya pili. Ni lile somo lako la kila mwaka, na wamenipa mimi. Mzee Musyoki ameahidi chapati. Nimejaribu kutayarisha mwanzo mzuri, wenye mchoro na maneno makubwa, nikaufuta. Nitasimama mbele yao niwaambie, "Naitwa Mwende, na mimi niliwahi kumtafuta sungura ndani ya mbuzi." Wakimaliza kucheka, watasikiliza. Hilo nakuahidi: hakuna atakayetoka kwenye chumba hicho akidhani mwalimu wake hajawahi kukosea, wala akidhani kosa ni kitu cha kukaa nacho kimya.

Lala salama, Madam. Hapa kazi inaendelea.

Mwende wako