Siku Niliyowachekesha Watu wa Chamazi

Chamazi, Jumapili asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Ya baba mpelekee hukohuko alikokaa, asije akasema nimemsahau. Magoti yanaendeleaje na baridi ya Tukuyu? Dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi imefika? Mie mzima kabisa, ila sauti imenikauka kama ya jogoo aliyenyeshewa. Ndiyo maana naandika. Na hata ningekuwa na sauti, kwenye simu ningeanza kucheka na salio lingeisha kabla sijafika popote.

Mama, jana nimecheza mchezo wa kuigiza. Mbele za watu! Mie Atupele, niliyekuwa najificha nyuma ya kwaya.

Yule mama ninayeshona kwake, Mama Zuhura, unamjua kwa maneno yangu. Mwezi uliopita Mwalimu Kibwana, mwalimu mstaafu, alikuja kwenye kibanda chetu cha kushonea, akaomba tumshonee nguo za waigizaji. Wanacheza mchezo wa zamani wa kuchekesha, ule ambao yeye aliuchezaga akiwa mwanafunzi. Wanauonyesha bure kabisa, Jumamosi tatu mfululizo, alasiri, kwenye kiwanja cha mchanga karibu na soko letu. Kipupwe hiki hakuna mvua, watu wanakaa tu nje na mikeka yao.

Mchezo wenyewe uko hivi: tajiri mmoja mzee anajifanya kiziwi ili asikie watu wa nyumbani kwake wanamsemaje. Wanamteta hapohapo mbele yake, yeye anatabasamu tu, "Eeh? Unasema?" Siku moja anafika dada yake kutoka bara, na huyo ndiye anayeanza kumtilia shaka. Tajiri anachezwa na Mwalimu Kibwana mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa aibu. Kipaza sauti hakuna, waigizaji wanaongea kama wanasoma risala. Walikuja watu kama thelathini. Wa nyuma hawakusikia kitu, wakaondoka mmoja mmoja kwenda kutazama mpira. Msichana aliyecheza dada wa bara alijitahidi kuiga lafudhi ya kwetu, hakuna aliyecheka. Siku ya tatu yake akapata kazi Kigamboni, akaaga.

Basi Mwalimu Kibwana akaja kibandani. Mie napima kiuno cha mteja, yeye ananisikiliza tu. Mteja alipotoka akasema, "Sista, wewe ndiye dada yangu wa bara."

Mama, niliumia. Unajua nilivyo na lafudhi yetu, R na L zinavyonipiga chenga. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilimwambia mteja kitambaa chake ni "lahisi" kuchuja rangi, akawaita wenzake waje wanisikie. Tangu siku ile nimekuwa mtu wa "ndiyo" na "hapana". Nikamjibu mwalimu, "Mnanitaka ili watu wanicheke."

Mama Zuhura akazima cherehani. Yeye ni mtu wa pwani, maneno hayamwishi. "Weye mwanangu, watu watacheka, ndiyo kazi yenyewe. Wakucheke weye au wacheke unachosema, hilo utaliamua ukiwa palepale mbele. Na mie nitakuwepo. Nachukua nafasi ya mtumishi, maana yule waliyemweka anatukana kama anaomba radhi!"

Tukafanya mazoezi kila jioni mpaka Ijumaa. Mama Zuhura, na miaka yake sitini, akawafundisha vijana kupaza sauti kama wanagombea mtungi harusini.

Jana sasa. Watu walijaa! Mikeka, ndoo zilizopinduliwa, bodaboda zimepangwa nyuma na wenyewe wamekaa juu. Mpira ulikuwepo pia, lakini hatukuwapoteza. Mama Zuhura alipoanza vijembe vyake kwa tajiri, kina mama wakapiga vigelegele mpaka akalazimika kungoja.

Nikaingia. Sentensi ya kwanza tu, L zangu zikatoka zote, watu wakaangua kicheko. Nikafungua mdomo kwa sentensi ya pili, sikukuta kitu. Kichwa kitupu. Mwalimu Kibwana ananitazama, "Eeh? Unasema?"

Mama, ndipo nilipokukumbuka wewe. Unakumbuka baba alivyokuwaga hasikii ukimwita akapasue kuni? Nawe hukupandisha sauti, ulishusha ukataja chakula, hapo akasikia. Nikafanya vilevile. Nikampa mwalimu mgongo, nikajisemea taratibu, lakini kwa kutamka ili wa nyuma wapate: "Basi. Maziwa mgando haya nitayanywa peke yangu."

Naye, sijui alisahau au njaa, akaruka kitini: "Nimiminie!"

Kiwanja kizima kikanyanyuka. "Anasikia! Anasikia huyo!" Jamaa mmoja wa bodaboda akapiga kelele, "Mama umemkamata, usimwachie braza!" Mwalimu akashika mguu haraka, "Nimeumia! Nimesema nimeumia!" Mama Zuhura akakaa chini kabisa, machozi yanamtoka, na hayo hayakuwa kwenye mchezo.

Tangu hapo kila nilichosema kilisikilizwa. Walicheka, ndiyo, lakini walinyamaza pia ili wasikie ninachofuatia kusema. Sijawahi kunyamaziwa hivyo hapa mjini. Mwalimu ameniambia Jumamosi ya mwisho tusifute yale ya maziwa hata neno moja. Kwa hiyo mwambie baba habari zake zimefika Dar es Salaam, asinune.

Tulipomaliza, mama mmoja akapenya kwenye watu, akanishika mikono yote miwili. "Ugonile!" Mama, salamu ya kwetu, hapa Chamazi! Nikaitika kwa kikwetu na maneno yakaanza kumiminika. Anaitwa Mama Suma, kwao ni Kyela. Namjua kwa sura! Miaka minne tunachota maji bomba moja, tunapeana "habari" na "nzuri", kisha kila mtu ndoo yake. Kumbe naye alikuwa akifunga mdomo kama mie, asije akajulikana anakotoka. Tulisimama pale tukiongea mpaka watu wakakunja mikeka yao wakatuacha. Leo baada ya ibada nakwenda kwake, amesema atapika ndizi.

Nisalimie mdogo wangu Lusajo, na ashike masomo. Shangazi anayeuza chai stendi mpe pole ya mguu. Mchungaji wetu mwambie sauti aliyokuwa akiitafuta kwenye kwaya imepatikana, ila kwa sasa imekauka. Nawe mama, jifunike vizuri asubuhi.

Mwanao anayekupenda,
Atupele, dada wa tajiri